Uso wa Dirisha la Tatu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumanne, maji ya kusukutua yalimtoka karani pembeni mwa mdomo, upande wa kushoto, yakalowesha ukosi wa sare yake ya kazi. Akajaribu tena. Yakatoka tena. Safari ya tatu alibana mdomo kwa vidole, na ndipo alipoinua macho kwenye kioo kilichotundikwa juu ya sinki.

Upande wa kulia ulikuwa uso wake. Ulishtuka, unyusi ukapanda, jicho likatoka. Upande wa kushoto haukuwa na habari. Jicho lilimtazama bila kupepesa, na shavu lilining'inia kama pazia lililochomoka kulabu moja.

"Mama!" alimwita mama mkwe wake. Neno lilitoka na upepo.

Mama mkwe alikuja na mwiko mkononi. Alikuwa ameuza nguo sokoni nusu ya maisha yake, na siku alipostaafu, ulimi ulikataa kustaafu naye. Kwa kila jambo alikuwa na neno. Safari hii aliangalia, akaweka mwiko juu ya ndoo, akasema tu, "Vaa viatu."

Hospitalini daktari alimwambia ainue mikono yote miwili, akaiinua. Amminye vidole kwa nguvu, akaminya mpaka daktari akasema yatosha. Akunje paji la uso: nusu likakunjana, nusu likabaki laini kama la mtoto.

"Si kiharusi," daktari alisema. "Ni mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Umevimba, umebanwa. Mara nyingi hali hii hupona, na dawa inasaidia. Wiki kadhaa. Kwa wengine, miezi."

"Na kwa wengine?"

Daktari alitazama kalamu yake. "Meza dawa, linda hilo jicho lisikauke, urudi baada ya wiki mbili."

Hakuuliza tena. Miaka ya kukaa dirishani ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayetazama kalamu yake ameishiwa na majibu.

*

Dirisha lenyewe lilikuwa la tatu, kwenye ukumbi wa ofisi ya maji, na kazi yake ilikuwa malalamiko. Waliokuja kulipa walikwenda dirisha la kwanza, waliotaka kuunganishiwa walikwenda la pili. Kwake walikuja waliokatiwa, waliobambikiwa bili, waliofungua bomba yakatoka matope. Hakuna aliyefika kwake akiwa amefurahi. Naye alikuwa na silaha moja: tabasamu lililofunua mwanya mpana kati ya meno mawili ya mbele, tabasamu lililowahi kuwanyamazisha wanaume walioingia wakipiga kaunta ngumi. Wateja walimpa jina la Bi Mwanya. "Nenda kwa Bi Mwanya," waliambizana mlangoni, "usije ukagombana bure."

Meneja mpya alipokuja alileta kidude, akakifunga pembeni mwa kila dirisha. Kilikuwa na vitufe vitatu vyenye nyuso: wa kijani unacheka, wa njano umenyooka, mwekundu umenuna. Mteja akiondoka anabonyeza. Rangi hizo, meneja alisema, ndizo zingetazamwa kwanza mkataba wa mtu ukifika mwisho. Wa Bi Mwanya ulikuwa unaisha mwezi huohuo. Mumewe alikuwa mpiga ishara wa kreni kwenye majengo, wa kumwongoza dereva kwa mikono. Jengo likiisha, kazi imeisha, mpaka jingine lianze. Nyumbani kwao, mshahara uliojulikana tarehe yake ulikuwa wa dirisha la tatu.

Alirudi kazini Alhamisi akiwa amevaa barakoa. Meneja alivumilia mpaka saa nne.

"Kioo kinameza nusu ya sauti," alimwambia, "na barakoa inameza iliyobaki. Wazee wanakuuliza jambo moja mara tatu. Ivue."

"Ni ugonjwa, bosi. Cheti cha daktari nimeleta."

"Nimekiona. Pole sana." Alisema kwa dhati, mabega yake yalishuka aliposema. "Ukipenda, nakuhamishia stoo ya mita mpaka upone. Kule hakuna wa kukutazama."

Stoo ya mita walifanya kazi vibarua, na vibarua vya kule viliota nyasi kila baada ya miezi michache. Bi Mwanya alivua barakoa, akaikunja, akarudi kwenye kiti chake.

Mteja wa kwanza alikuwa fundi viatu. Alieleza habari ya bili yake, naye akamsikiliza mpaka mwisho na, kwa mazoea, akatabasamu. Upande wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulibaki pale pale.

Fundi viatu alikatisha maneno. "Unanibinulia mdomo?"

"Hapana, baba, mimi..."

"Nakueleza shida zangu, unanibinulia mdomo na kunikodolea jicho! Kwani haya maji yanatoka kwa baba yako?"

Alibonyeza uso mwekundu. Akaubonyeza tena. Mara ya mwisho aliubonyeza kwa ngumi, na kidude kikalia kama ndege aliyekanyagwa.

Mpaka saa ya chakula hakuna aliyekuwa amegusa kijani. Karani wa dirisha la pili, ambaye aliitwa Kasuku na hakuonewa kwa jina hilo, alivuta kiti chake karibu.

"Shoga, waambie unaumwa. Utapungukiwa nini?"

"Sikukaa hapa kuomba huruma."

"Haya. Endelea kukaa na kiburi chako, na hizo nyekundu zako."

Jioni binti yake alimkimbilia mlangoni, akafungua mdomo wote kumwonyesha pengo. Jino lililokuwa likitikisika wiki nzima lilikuwa limeng'oka darasani. Bi Mwanya aliinama, akatazama, akasema, "Hongera, mwanangu. Umekua."

Mtoto alifunga mdomo. "Mama, umenikasirikia?"

"Nimefurahi."

"Mbona uso haujafurahi?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu, akiwa amekaa kwenye kigoda chake: "Uso wa mama yako umegoma, mjukuu wangu. Nusu iko kazini, nusu iko kwenye mgomo. Wewe fuata ile iliyo kazini."

Mtoto alihama, akasimama upande wa kulia.

*

Mpiga ishara alikuwa mtu wa maneno machache. Mama yake alidai maneno yake yote yalimshukia mikononi tangu tumboni. Jumamosi mchana aliosha miguu, akakaa mbele ya mkewe, akamtazama kama anavyotazama mzigo kabla haujafungwa mnyororo.

"Dereva wangu yuko juu ya mawingu," alisema. "Uso wangu anauona?"

"Hauoni."

"Nikicheka, nikinuna, nikilia, yeye anaona helmeti tu. Na hajawahi kuniangushia mzigo." Akaigusa mikono ya mkewe. "Ukiwa dirishani, mikono yako huwa inafanya nini?"

"Inakaa tu."

"Nionyeshe inavyokaa."

Alimwonyesha. Mmoja ulipanda shingoni, ukajikuna, ukashuka kwenye hereni. Wa pili ulichezea kalamu, ukaiacha, ukajificha chini ya meza.

"Hapo umekwishasema maneno manne," mumewe alisema, "na dereva amekwishabomoa ukuta."

Alimtoa mama yake nje, akamsimamisha upande wa pili wa dirisha la sebule awe mteja. Mama hakuhitaji kuombwa mara mbili.

"Wezi wa maji nyinyi!" alianza, akigonga kioo. "Bili gani hii? Mimi naoga mara moja kwa wiki!"

"Hilo tunalijua, mama," mwanawe alisema.

"Nyamaza wewe! Nazungumza na wahusika!"

Ndivyo walivyoshinda alasiri ile. Mkono usio na kazi unalala mezani, kiganja kikionekana. Ukiinuliwa, uwe na sababu. Ishara moja, iishe, ndipo ije nyingine. Kiganja kifuani: nimekusikia. Kiganja wima mbele: subiri kidogo. Kichwa kinakubali mara moja tu, kwa uzito, si kama mjusi. Na mteja anapopandisha sauti, mumewe alimpa ile wanayotumia kwa mizigo mizito: kiganja cha kushoto bapa, kimetulia hewani, na chini yake mkono wa kulia umeelekezwa chini, vidole vikichezacheza. Maana yake, shusha, lakini polepole.

Alipomfanyia mama mkwe, mama mkwe alisita katikati ya tusi. "Ee! Imenishika!" alisema. "Hii hata sokoni ingenifaa."

Bi Mwanya alicheka. Nusu ya uso ndiyo iliyocheka, na kwenye chumba kile hakuna aliyeona kuwa kuna upungufu.

*

Jumatatu aliingia dobi. Alikuwa mwanamke mpana, mikono ya blauzi imekunjwa hadi juu ya viwiko, ngozi ya vidole imekwajuka kwa sabuni. Alifua nguo za nyumba za wageni, na tangu Jumamosi bomba lake lilikuwa limefungwa kwa lakiri ya ofisi.

"Nimelipa," alisema. "Nimelipa, nimelipa, nimelipa. Nina mashuka ya watu yananuka kwenye mapipa. Nani kaja kunifungia?"

Bi Mwanya aliweka kiganja kifuani. Dobi aliutazama mkono, akautazama uso, akaona mdomo uliopinda na jicho lisilopepesa. Sauti ilipanda. Foleni nzima iligeuka. Bi Mwanya alisema jambo, lakini kioo na upepo wa mdomo wake viliyameza maneno. Basi akainua kiganja cha kushoto, bapa, kikatulia hewani, na chini yake akaanza kuchezesha vidole vya mkono wa kulia.

Dobi alinyamaza. Kwa muda wa pumzi moja Bi Mwanya aliamini ishara imeshika.

"Haa!" Dobi aligeukia ukumbi. "Mmeona? Jamani, mmeona vidole vinavyocheza chini ya kiganja? Maji nimelipia, nimefungiwa, sasa natakiwa nitoe kitu chini ya mkono!"

"Hapana, dada! Nilikuwa nasema polepole!"

"Ndiyo mnavyokula, polepole!"

Hakugusa kidude. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa meneja.

Kamera ya ukumbi ilirekodi picha bila sauti. Meneja aliirudisha nyuma mbele ya Bi Mwanya, akaisimamisha. Bi Mwanya alijiona: mdomo umebinuka, jicho limekodoka, kiganja kimefunika, vidole vinasugua hewa chini yake. Alikuwa mkweli hata katika shida.

"Ningekuwa mimi nimekaa hapo ulipo," alimwambia meneja, "ningeamini."

"Basi nisaidie nisiamini."

"Ni ishara ya kreni."

"Ya nini?"

"Kreni. Za majengo. Mume wangu anapiga ishara. Hiyo maana yake shusha polepole."

Meneja aliitazama tena ile picha. "Na hapa dirishani ulikuwa unashusha mzigo gani?"

"Sauti ya mteja."

Meneja hakucheka, ingawa pembe moja ya mdomo ilitaka. Alianza kuzipanga kalamu zake mezani, moja sambamba na nyingine, na Bi Mwanya akajua linalokuja si zuri. Kila alipokuwa na habari mbaya, mtu huyu alipanga kalamu kwanza.

"Ijumaa saa nane nakaa na mikataba," alisema. "Tuhuma ya rushwa ikiwa bado iko hewani, siwezi kukuongezea, hata nikipenda. Mpaka hapo utabaki dirishani, maana sina mwingine wa malalamiko. Na kamera inakuona."

"Na maji ya yule dada?"

"Fundi amesema kwenye mashine anaonekana anadaiwa. Akirudi na risiti, tutaangalia."

*

Nyumbani mpiga ishara alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Ilipoisha alikaa.

"Nitakuja ofisini," alisema. "Nitamwonyesha huyo bosi wako ishara zote."

"Uende na helmeti na mabuti yako ya zege?" mama yake alimuuliza. "Watasema mke kaleta baunsa. Kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi kaa zaidi."

Alikaa zaidi. Alizitazama nyuma za mikono yake, kisha viganja. "Kosa ni langu. Nimekufundisha nusu."

"Nusu gani?"

"Kila asubuhi, kabla dereva hajapanda ngazi, tunasimama chini uso kwa uso. Namwonyesha kila ishara na kuitaja kwa mdomo. Hii pandisha. Hii shusha. Hii simama. Naye anazirudia. Tumefanya kazi pamoja majengo na majengo, na bado kila asubuhi tunaanza upya."

"Ya nini, kama anazijua?"

"Ili tujue wote wawili kwamba leo maana ni zilezile. Asubuhi tusipofanya hivyo, mimi si mpiga ishara. Ni mwendawazimu anayepigana na nzi."

Mama mkwe aliguna kwa kukubali, jambo ambalo halikutokea mara nyingi.

Bi Mwanya alikuwa anadondoshea dawa lile jicho la kushoto. Alifunga kichupa. "Kwa hiyo niwaambie."

"Uwaambie kabla. Huombi huruma. Unakubaliana nao."

Bi Mwanya aliinuka. Alimeza dawa zake, akabandika jicho kwa plasta, akalala. Miaka yote pale dirishani hakuwahi kumwambia mteja neno juu ya mwili wake. Uso ulikuwa unasema kila kitu kwa niaba yake. Asubuhi mumewe alimkuta mbele ya kioo, akisema maneno yaleyale kwa sauti ya kawaida, akiyarudia mpaka yalipotoka bila upepo mwingi.

Mteja wa kwanza wa Jumanne alikuwa mzee mwenye fimbo. Bi Mwanya alisubiri akae.

"Shikamoo, mzee. Kabla hatujaanza: upande huu wa uso wangu umelala. Sijakununia, wala sikuchekei. Nikiweka mkono hapa kifuani, nimekuelewa. Nikiweka hivi, nipe nafasi kidogo nitafute. Sawa?"

"Marahaba." Mzee alimtazama jicho lililo macho, akatazama na lililolala. "Mimi sikio hili limelala. Kwa hiyo sema na hili." Akageuza kichwa.

Hapo walipatana. Yakasemwa kwa mkono yaliyoweza, na kwa mdomo yaliyobaki. Mzee alipoondoka alibonyeza uso wa njano, akafikiri, akarudi akabonyeza wa kijani. Alisema asingependa kuonekana ana choyo.

Maneno yale Bi Mwanya aliyasema kwa kila mteja. Hayakuwa mepesi. Mama mmoja alivuta mtoto wake nyuma kana kwamba ugonjwa ungeruka kioo. Kijana mmoja alimwambia mwenzake, bila kushusha sauti, kwamba ofisi siku hizi inaajiri mtu yeyote. Aliyasikia, akaweka kiganja mezani kikionekana, akamwita anayefuata. Na jambo fulani lilibadilika ambalo Kasuku aliliona kabla yake: watu waliokuja kwenye dirisha la tatu walianza kutuliza mikono yao wenyewe. Walitazama. Walimaliza sentensi. Mwashi mmoja aliyekuja na hasira za wiki nzima aliambiwa "subiri kidogo" kwa kiganja, akajibu kwa kiganja, na wakakaa hivyo wawili kama watu wanaoapishwa, mpaka foleni ikacheka.

"Shoga," Kasuku alimwambia Alhamisi, "ulipokuwa na meno walikupenda. Sasa wanakusikiliza."

"Dobi bado hajarudi."

"Atarudi. Mashuka hayafuliwi kwa mate."

*

Dobi alirudi Ijumaa, foleni ikiwa ndefu. Zamu yake ilipofika, alisimama mbali na kioo.

"Simtaki huyo."

"Malalamiko ni dirisha la tatu tu, dada," Kasuku alimwambia.

"Basi nitalalamika ukutani."

Bi Mwanya alisimama. Hakupaza sauti. Alifungua mlango mdogo wa pembeni ambao makarani waliutumia kutokea tu, akatoka ukumbini. Hakwenda kusimama mbele ya dobi. Alisimama ubavuni mwake, hatua moja pembeni, wote wakitazama upande mmoja, mikono yake imeshuka na viganja vikionekana. Kioo hakikuwepo tena.

"Dada, Jumatatu nilikukosea," alisema. "Nilianza kukuonyesha mikono kabla sijakueleza mimi nina nini. Upande huu wa uso umepooza. Nikitabasamu, inaonekana nakudharau. Sikukudharau. Na pesa sikukuomba."

Dobi alikuwa amekunja mikono juu ya kifua. "Tabasamu basi, nione."

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka puani. Bi Mwanya alihisi joto likipanda shingoni, na mkono ukataka kwenda kwenye hereni. Aliuzuia. Kisha, mbele ya watu wote, kama mbuzi anayekaguliwa meno mnadani, alitabasamu. Hakuficha upande wowote. Wa kulia ulipanda, mwanya ukaonekana nusu, wa kushoto ukabaki umelala, na tone la mate likajikusanya pembeni. Hakulifuta mpaka alipomaliza.

"Funga macho."

Alifunga. La kulia lilifungika. La kushoto lilibaki wazi, likigeuka jeupe.

"Linauma?"

"Linakauka tu."

Mikono ya dobi ilikunjuka. Mmoja ulikwenda kiunoni, mwingine haukujua pa kwenda. "Na vile vidole?"

Alimweleza. Kiganja, vidole, mzigo, polepole.

"Mume wako ndiye aliyekufundisha hivyo?"

"Yeye amezoea kufundisha vyuma."

Foleni ilicheka, na safari hii dobi alicheka nayo. Bi Mwanya hakuipoteza nafasi. Alirudi ndani akaigeuza skrini ya kompyuta yake ielekee nje, ili wasome wote wawili namba zilezile. Dobi alitoa risiti. Walishuka nazo mstari kwa mstari, kidole cha mmoja upande huu wa kioo na cha mwenziwe upande ule, mpaka vidole vyote viwili viliposimama mahali pamoja.

"Ulilipa," Bi Mwanya alisema. "Pesa yako iliingizwa kwenye mita ya jirani yako."

"Si nilisema?"

"Ulisema. Tangu Jumatatu ulikuwa unasema kweli, na ofisi ndiyo iliyokosea."

Aliinua simu, akampigia fundi wa eneo lile. Fundi alianza kueleza habari za siku ya kazi na taratibu. Bi Mwanya aliinua kiganja kumwelekea dobi: subiri kidogo. Dobi alisubiri. Fundi aliahidi kuwa bombani kabla ya adhuhuri, na akaombwa arudie ahadi hiyo kwa sauti kubwa, simu ikiwa imeelekezwa kwenye tundu la kioo. Akairudia.

Dobi alikunja risiti yake. Mkono wake ulisimama juu ya vile vitufe vitatu, ukaviacha. "Yule mkubwa wenu yuko chumba gani?"

Ofisi ya meneja ilikuwa na ukuta wa kioo. Kutoka dirisha la tatu Bi Mwanya aliweza kuona na hakuweza kusikia. Meneja alisimama, akaonyesha kiti. Dobi hakukaa. Alijivuta shavu lake la kushoto kwa kidole, akalishusha, akaliachia. Alinyoosha kiganja bapa hewani, akachezesha vidole chini yake, kisha akatikisa kichwa kwa nguvu na kuifuta ishara nzima kwa mikono miwili, kama mtu anayefuta meza. Meneja aliuliza jambo. Dobi aliweka kiganja kifuani.

Meneja alikuwa ameshika kalamu moja tayari kuipanga. Aliiweka chini imekaa upande, akaiacha hivyo.

Wakati wa kutoka, dobi alipita tena dirisha la tatu, akabonyeza uso wa kijani kwa kidole kimoja, bila haraka.

Saa nane na nusu Bi Mwanya aliitwa. Mkataba ulikuwa mezani, umekwishasainiwa upande mmoja.

"Ile ya polepole," meneja alisema akimpa kalamu, "usiitumie tena."

"Sitaitumia."

"Zile nyingine ziendelee. Na Jumatatu, kabla hatujafungua, uwaonyeshe wa dirisha la kwanza na la pili."

Alisaini.

*

Jioni, kabla jua halijazama, alisimama nje ya uzio wa mabati wa jengo. Kichanganyio cha zege kilinguruma, nyundo zililia, na hakuna sauti ya binadamu ambayo ingefika popote. Mumewe alikuwa katikati ya uwanja, chini ya kreni, akikagua mnyororo wa mwisho. Aliinua kichwa, akamwona kwenye pengo la uzio. Alifungua viganja vyote viwili: vipi?

Bi Mwanya aliweka mkoba chini. Alisimama wima. Aliinua mkono wa kulia, kidole kimoja juu, akakizungusha duara dogo, wazi, bila papara. Pandisha.

Mumewe aliweka mikono juu ya helmeti yake, akabaki hivyo.

Kule juu kibandani, dereva naye alikuwa anatazama. Alikuwa amesikia habari za wiki nzima, asubuhi baada ya asubuhi, chini ya ngazi. Sheria ya uwanja inasema ishara hupokewa kutoka kwa mtu mmoja tu. Chini ya ndoano hapakuwa na mtu, nayo haikubeba kitu.

Ndoano ikaanza kupanda. Mpiga ishara aliitazama ikipita ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakuinua mkono kuisimamisha.